Jina Kwenye Kona

Mikumi,
3 Februari 2025

Mjomba Beda,

Shikamoo. Mama amesimama nyuma yangu, ananiambia nianze na salamu zake kabla sijaijaza karatasi mambo yangu. Basi pokea: kaka yake anasalimiwa, mkaza mjomba Hildegarda anasalimiwa, na anauliza kama goti la mkaza mjomba limepoa, maana la kwake linauma kila mvua ikikaribia. Sisi wazima. Juzi tembo waliingia kwenye mahindi ya jirani, wakala upande mmoja wakaacha wa pili. Jirani anasema afadhali wangemaliza yote, kwa sababu sasa kila mpita njia anamuuliza huo mwingine umebakije.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mjomba, kwenye simu wewe huongei, unakohoa tu halafu unasema "haya." Na jambo hili linataka karatasi, utaona.

Unakijua kibanda chetu cha kutengeneza simu pale stendi, mimi na Ashrafu. Wateja wengi wanatuletea simu za tachi ambazo hazijavunjika wala kuingia maji. Zimezeeka tu. Waliozitengeneza wameacha kuzihudumia, na programu mpya zinazikataa. Zamani tulikuwa tunawaambia wakanunue nyingine. Siku hizi tunaziwekea mfumo unaoitwa Velta, na simu inaamka kama mtu aliyepona malaria! Mfumo huo hauuzwi. Unatengenezwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea, na kila kitu chake kiko wazi. Anayetaka kuona ulivyoandikwa anaona, anayetaka kuurekebisha anaurekebisha. Ndiyo maana wanauita mfumo huria.

Sasa sikiliza. Siku zote nilidhani wale ni waandishi wa programu watupu, na mimi programu sijui kuandika hata mstari mmoja. Wiki iliyopita nikakuta tangazo lao: wanatafuta wachoraji! Na watu wa kurekodi milio, na wa kutafsiri, na wa kuandika maelezo. Yaani nilipiga kelele mpaka Ashrafu akaangusha bisibisi. Wanataka alama mpya, zile picha ndogo unazobonyeza ili kupiga simu, kupiga picha, kutazama saa. Zilizopo kila mtu amezichoka. Wanataka zenye "mkono wa mtu," ndivyo walivyoandika. Nikajiuliza, ni mkono gani ninaoufahamu mimi kuliko ule ulioandika SALUNI YA KISASA pale sokoni, ukamchora na yule mwanamke mwenye shingo ndefu ambaye Kilosa nzima mnabishana kama ni mkaza mjomba au siye?

Hawalipi. Nakwambia mapema usije ukanisuta. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Juni. Nichoree chache tu, kubwa, kwenye karatasi, umpe Abubakari, yule kondakta wa basi la huku. Atanifikishia kibandani. Tafadhali mjomba. Tafadhali, tafadhali.

Mpwa wako aliyeshindwa kutulia,
Letisia


Kilosa,
20 Februari 2025

Letisia,

Marahaba. Goti la Hildegarda limepoa, sasa kinachosumbua ni mdomo. Mwambie mama yako apake mafuta ya nyonyo aache kulalamika, yeye ndiye mdogo kwangu, magoti yake hayana haki ya kutangulia yangu. Mto Mkondoa umejaa lakini mwaka huu haujatutoa nje. Mpunga umesimama vizuri. Mimi kazi ipo, namshukuru Mungu, kazi ipo.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaichukua tena. Nikamwambia Hildegarda, huyu mtoto ana homa. Watu wa nchi zote hizo wana wachoraji wao waliosomea, wanamtaka Beda wa Kilosa wa nini? Tena bure! Hata mganga hupokea kuku. Hildegarda akasema, "Kama hutaki, mbona umeshatoa penseli?" Kweli nilikuwa nimeitoa. Penseli kutoka si dhambi.

Nakuletea tatu. Ya saa ni ile saa kubwa ya ukutani ya stesheni, kama nilivyokuwa naiona utotoni. Ya kupiga simu nimechora mtu ameweka simu sikioni na mdomo wazi, maana simu peke yake mezani haimpigii mtu. Ya kurekebisha mambo ya ndani ya simu, kwenye simu ya jirani nimeona wameweka gurudumu la meno. Gurudumu la meno nani analishika mkononi? Nimechora spana. Mtu akiona spana anajua hapa pana kukaza na kulegeza.

Nimetumia rangi ya mafuta, kwa hiyo usizifungue ukiwa na vidole vya vitumbua. Chini kulia nimesaini kama kawaida, BEDA ARTS KILOSA na namba ya simu, asije mtu akasema hakujua pa kunipata.

Halafu usiniandikie "tafadhali" tatu tena. Kwa mjomba moja inatosha.

Beda


Mikumi,
15 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mkaza mjomba uifikishe kabla haijapoa. Mama kapaka mafuta ya nyonyo na hataki kukiri kwamba yamesaidia. Ameanza kuuza vitumbua karibu na kibanda chetu, madereva wa malori ya Tunduma wote wanamwita shangazi, na yeye anawagombeza kama aliwazaa.

Mjomba! Zimefika, na weee! Ashrafu aliishika ile ya spana akamsahau mteja dirishani.

Nikueleze nilivyofanya. Huwezi kupiga picha mchoro ukautuma hivyohivyo, kwa sababu ukikuzwa unatoka vumbi vumbi. Wanataka mistari, mistari yenyewe, ambayo mtu anaweza kuikuza ikawa kubwa kama nyumba au kuipunguza ikawa kama punje ya mtama isiharibike. Kuna programu ya kuchorea, nayo ni huria. Naweka picha ya mchoro wako chini, halafu napita juu yake kwa kidole, mkunjo kwa mkunjo. Spana imenila jioni nzima. Mtu mwenye mdomo wazi alinitoa machozi, maana kila nikigusa mdomo anaonekana anapiga miayo.

Nikazituma. Anayesimamia picha ni mama mmoja wa Poland anaitwa Magdalena. Naye kuandika programu hajui, kazi yake ni kusafisha watu meno, akitoka huko ndipo anakaa na alama. Ameandika kwamba spana ilimchekesha, kisha akakaa anaitazama, kisha akaenda kumwonyesha mumewe. Mtu wa Peru kauliza kama ile saa ipo kweli. Nikamjibu ipo kwenye kichwa cha mjomba wangu na hiyo inatosha!

Wanataka zaidi. Kamera, tochi, ujumbe, kikokotoo, hali ya hewa, redio, kalenda, zote kabisa, seti nzima iwe ya mkono mmoja. Mjomba, seti nzima! Simu za watu nisiowajua, katika nchi nisizoweza hata kuzitamka, zikiwashwa asubuhi unatokea wewe.

Kitu kidogo tu. Je, unaweza kuchora bila kuandika chochote pembeni? Mashine inachanganyikiwa kidogo na maandishi.

Wako,
Letisia


Kilosa,
2 Aprili 2025

Letisia,

Marahaba. Tumevuna mchicha, tumekula mchicha, Hildegarda anasema kesho tena mchicha. Mwambie mama yako asiwagombeze madereva, ndio watakaomzika.

Mashine ikichanganyikiwa ijifunze kusoma. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na yenyewe iende.

Nimesaini zote, tena kubwa kidogo, isije ikapata taabu ya macho. Bango lisilo na jina ni mtoto aliyeachwa stendi. Tangu nishike brashi sijaachia ubao ukaondoka bila jina kwenye kona, hata wa mtu aliyenidhulumu. Kilosa hii watu hawanijui sura, wananijua kwa kona. Wakati fulani mama mmoja wa Kisanga alinisimamisha njiani akaniambia, "Kumbe wewe ndiye Arts?" Alidhani ndilo jina la ukoo wetu.

Sasa tazama vizuri. Ya ujumbe ni mtu anapokea bahasha dirishani mwa basi, ukimjua kondakta huyo usimwambie. Ya kikokotoo ni mkono na vidole vyake vitano, vingine vimekunjwa. Ya hali ya hewa nimefikiri sana. Jua na wingu kila mtu anachora. Nikamwona Hildegarda anakimbilia kamba ya nguo, ameshika kanga kwa meno, huku anatukana mawingu. Nikasema, hiyo ndiyo hali ya hewa! Nimemchora mama anaanua nguo. Meno sikuyachora, angeniua.

Yule muuza nyama wa karibu na soko ameshusha bango langu la ng'ombe. Ameweka la kuprinti, ng'ombe amepigwa picha sijui wapi, ana masikio ya kigeni. Nimepita nikamsalimia tu. Kazi ipo.

Zilizobaki nitamaliza mwezi huu. Usinikimbize.

Beda


Mikumi,
28 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo, na leo nazidisha makusudi! Mama mzima, mvua imetulowesha, vitumbua vinauzwa.

Zote zimefika na zote nimezichora upya kwenye simu. Zimekubaliwa kwenye toleo la majaribio! Yaani zimo ndani, mjomba, ukiwasha zinaonekana. Nimeziweka kwenye simu yangu, ya Ashrafu, na za wateja wachache waliokubali kujaribu. Jana mama mmoja wa Ruaha, mkulima wa miwa, alipewa simu yake, akaona mama anaanua nguo, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Akasema, "Huyu ni mimi." Hakuuliza ni alama ya nini. Akabonyeza, ikamwambia mvua, akaondoka mbio.

Magdalena anasema wasimamizi wote wamezipenda. Toleo kamili ni Agosti. Niombee nisipasuke.

Kuhusu lile la pembeni usijali, nimelishughulikia. Kila kitu kiko sawa.

Letisia


Kilosa,
19 Mei 2025

Letisia,

Marahaba, kama uliamkia.

Ashrafu alikuja huku kwenye harusi ya dada yake. Kijana mzuri, amelelewa. Akapita nyumbani kutusalimia, akanionyesha simu yake akiwa na furaha tele, akidhani ananipa zawadi. Nimeona. Saa ni yangu. Spana ni yangu. Mama anayeanua nguo ni wangu, hata kanga aliyovaa ni ya Hildegarda. Kona ni tupu.

Nikamuuliza nani amefuta. Akatazama chini. Sikumuuliza tena.

Sasa nikwambie ambalo sikukwambia. Nimekuandikia mara ngapi kwamba kazi ipo? Kazi haipo. Tangu Oktoba ya mwaka jana sijaitwa kupaka bango hata moja. Watu wanaprinti, wananing'iniza, imekwisha. Mabango yangu yanashushwa. Moja nimelikuta limegeuzwa mlango wa banda la kuku, maandishi juu chini. Hizo alama zako ndizo zilikuwa kazi yangu. Nilikuwa naamka nazo. Na wewe, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, ndiye uliyenifuta.

Usinitumie Abubakari.

Beda


Mikumi,
23 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Umesema nisimtumie Abubakari, kwa hiyo barua hii ameibeba mama Marselina anayekuja huko kununua mchele. Usimkasirikie, hajui lililomo.

Ni mimi niliyefuta. Sitamsingizia mtu wala mashine. Niliogopa kukwambia ukweli, na ukweli wenyewe ni huu: alama kwenye simu ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi niliyoprinti, spana yako na saini yake kwa ukubwa ule ule. Tazama jina lako lilivyo. Magdalena aliniuliza kwa adabu kama ile ni siafu. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka. Ningekuandikia hivi tangu Machi ungenitukana, tungeelewana. Badala yake nilikudanganya kwa sababu nilitaka sana ziingie.

Na kuna kubwa zaidi. Anayetoa mchoro kwenye mradi huria lazima akubali yeye mwenyewe kwamba mtu yeyote anaweza kuuchukua, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa, ilimradi amtaje aliyeuchora. Kuna mahali pa kuweka alama ya vema kwamba mchoraji amekubali. Niliweka mimi. Sikukuuliza. Nilijiona mwanao, nikajiona naweza.

Kwa hiyo jana nimeandika kwenye ukurasa wa mradi, mbele ya wote, si kwa Magdalena peke yake: kwamba mwenye michoro hajawahi kuulizwa, na ninaomba alama zote zitolewe. Zimetolewa jana hiyo hiyo. Magdalena hakunigombeza, angenigombeza ningepumua. Kasema kuna ukurasa wa majina ya waliochangia, ambapo jina lako lingekaa kwa herufi kamili, na kwamba nafasi ipo mpaka thelathini Juni endapo mchoraji mwenyewe atakubali. Baada ya hapo toleo linatoka na alama za zamani.

Sikuombi ukubali. Nimekuandikia ujue kwamba zimerudi kuwa zako.

Na kwa nini hukuniambia kuhusu kazi? Tungekuja.

Nisamehe mjomba.
Letisia


Mikumi,
12 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Simu yako inaita haipokelewi. Mkaza mjomba anampokea mama lakini anasema tu, "Yupo, anakohoa." Mama anasema nikuache, anakujua tangu mnachunga mbuzi pamoja, ukinuna unanuna mpaka mwisho ndipo unarudi.

Ninakuacha. Nimeandika kukusalimia tu. Mahindi ya jirani yamevunwa, yale ya upande waliouacha tembo.

Letisia


Kilosa,
22 Juni 2025

Letisia,

Marahaba zote unazonidai.

Abubakari nimemrudisha kazini, yule mama Marselina aliikalia barua yako siku nyingi ndani ya gunia la mchele. Ilinifikia inanukia pumba. Kwa hiyo usidhani nilinuna muda wote ule kwa kukusudia. Nusu tu.

Ile karatasi uliyoniprintia niliitazama kwa macho yangu, kisha kwa miwani, kisha kwa miwani mbili, yangu na ya Hildegarda. Ni siafu. Yule mama wa meno ana haki.

Lakini hicho si kilichonigeuza. Ashrafu alipita tena akirudisha viti vya harusi. Nikamwambia anipe hiyo simu na hiyo programu ya kuchorea, nione kazi unayojisifia. Nikajaribu spana yangu mwenyewe, niliyoichora kwa mkono huu. Kwa kidole! Ilitoka kama mguu wa kuku. Nikajaribu tena, ikatoka kama mguu wa kuku aliyekanyagwa. Hildegarda alicheka mpaka akaenda nje. Nikampa Ashrafu simu yake, nikamwomba anionyeshe zako, moja moja, akizikuza. Nilikaa nazo muda mrefu. Kwenye saa, mshale mfupi mimi niliukosea. Niliuelekeza kwenye namba kamili wakati mrefu uko kwenye nusu. Miaka yote hiyo ya kuchora saa za watu nimekuwa nikiukosea! Wewe umeusogeza mahali pake, hukuniambia, hukujigamba. Na kidevu cha anayeongea na simu umekipunguza, sasa hapigi miayo. Huko si kupita juu ya mstari wa mtu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa nikueleze desturi yetu ya brashi, hujawahi kuisikia kwa sababu sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyekaa. Mimi nilifundishwa na mzee Lupakisyo, Mnyakyusa aliyeletwa hapa na reli, Mungu amlaze pema. Miaka minne nilipaka naye, jina kwenye kona lilikuwa lake. Hakuwahi kuniambia nimejua kazi. Siku moja tulimaliza bango la duka la dawa, akaosha brashi, akajifuta mikono, akaondoka. Kona tupu. Nikamkimbilia, nikamwambia mzee umesahau kusaini. Akasema, "Sijasahau. Bango husainiwa na aliyelimaliza." Nililia barabarani kama mtoto, na nilikuwa na ndevu.

Fungua bahasha. Nimezichora zote upya, na safari hii nimezichora ndogo. Nilikuwa mjinga, nilichora bango la dukani, ambalo mtu anasimama analitazama huku anangoja chenji. Simu ni bango la barabara kuu. Dereva anapita mbio, ana sekunde moja ya kuangalia, basi unaondoa kila kinachoweza kuondoka. Kanga ya Hildegarda imebaki na pindo tu, lakini ni yeye, mwenyewe kakubali. Zipitishe kwa kidole chako haraka, una wiki moja, acha kulia.

Kona zote ni tupu. Nimeziacha makusudi. Kwenye huo ukurasa wa majina andika lako. Si langu, wala langu na lako. Usianze kubishana, najua umeshafungua mdomo.

Na hili niandike vizuri ili uwaonyeshe: mimi Beda nakubali kila mtu achukue michoro hii, aitumie, aibadilishe na kuigawa. Mtu wa Peru akitaka kuipaka spana rangi ya waridi aipake, ila mimi nisionyeshwe.

Mjomba wako


Mikumi,
6 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo! Naandika mbio, usinicheke mwandiko.

Toleo limetoka leo. Nilimaliza kuzichora tarehe ishirini na tisa Juni, mama akinilisha vitumbua mdomoni ili nisiache mafuta kwenye kioo. Magdalena alilitafsiri tamko lako kwa msaada wangu na kulibandika mbele ya wote, na la spana ya waridi nalo. Watu wamelipenda kuliko michoro! Yule wa Peru ameapa hataigusa.

Nilibishana nawe kichwani wiki nzima. Niliandika jina lako, nikalifuta. Nikaandika yote mawili, nikafuta. Mama akanikuta, akaniuliza, "Aliyekuambia ni nani?" Nikasema ni mjomba. Akasema, "Basi unangoja nini?" Nimeandika langu. Nilipobonyeza nilijihisi nimekua ghafla, na nikaogopa.

Asubuhi hii dereva mmoja kaleta simu imekufa. Tukaiwekea Velta. Ilipowaka akauliza nani kachora. Ashrafu akanitazama, akaniachia nijibu mwenyewe. Nikasema ni mimi, mjomba. Nilisema kwa sauti.

Ashrafu anakuja Kilosa Jumamosi ijayo. Mpe ile simu ya tachi ya mkaza mjomba iliyolala kabatini, aifufue.

Letisia


Kilosa,
17 Agosti 2025

Letisia, mwanangu,

Marahaba! Hildegarda mzima, mpunga umekaushwa, hakuna aliyekufa, salamu zimekwisha, sasa nisikilize mimi.

Ashrafu ameifufua simu ya Hildegarda. Nimemnyang'anya. Nimeipeleka kijiweni, pale wanapouza kahawa, nikaiweka juu ya benchi bila kusema neno. Mathayo, yule mstaafu wa reli asiyeamini kitu, akaishika kwanza. Spana ikamchekesha. Ikazunguka mkono kwa mkono. Wakaona mama anaanua nguo, wote kwa pamoja, "Hildegarda!" Nikawaambia hamna adabu.

Kisha nikawafungulia ukurasa wa majina, Ashrafu alinifundisha njia. Mathayo akavaa miwani akasoma kwa sauti, taratibu, watu wa Poland, watu wa Peru, watu wa nchi alizozitafuna tu maana hazitamkiki. Akafika katikati akasoma: "Letisia, Mikumi, Tanzania. Alama zote." Akaendelea mpaka chini kabisa. Akarudi juu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Beda, lako halimo. Wamekuibia mzee."

Kijiwe kizima kikanigeukia, kahawa mikononi.

Nikamwambia arudie pale katikati, asome polepole, wote wasikie. Akarudia. Nikasimama, Letisia, na goti langu lote, nikawaambia huyo ni mpwa wangu, nimemfundisha mimi. Nikawanunulia kahawa wote, hata Mathayo.

Sasa nimeambiwa mradi unatafuta pia picha za kuweka nyuma ya alama, ukutani mwa simu. Karatasi ninazo. Njoo na kidole chako.

Mjomba wa Letisia